Tumefungwa ama Hatujafungwa?

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa. Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa 158 wa korona. Rais alisema kuanzia saa moja jioni siku hiyohiyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake kwa siku 21. Kabla hajamaliza, simu yangu ikalia. Alikuwa mama, akipiga kutoka nyumbani Taita.

"Mwanangu, nasikia mmefungwa huko?"

"Hatujafungwa, mama. Tumezuiwa kutoka nje ya Nairobi tu."

"Kwa hiyo kazini unaenda?"

"Naenda, lakini saa moja iwe imenikuta ndani ya nyumba."

"Na nikiugua, waweza kuja?"

Nikanyamaza kidogo. "Nitauliza, mama."

"Basi mmefungwa," akasema.

Swali la mama lilikuwa la nchi nzima. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu liliulizwa ndani ya matatu, kwenye vibanda vya M-Pesa, msikitini na kanisani, kila hotuba mpya ilipotolewa: sasa tumefungwa ama hatujafungwa? Waliouliza waliitwa wakaidi. Mimi naamini walionewa. Wengi wao waliyakubali masharti mazito sana: watoto kukaa nyumbani, harusi kuahirishwa, baba kuzikwa mbele ya watu 15. Kilichowakera ni kupigwa na kukamatwa kwa kuvunja sharti ambalo hakuna aliyewaeleza vizuri linaanzia wapi na linaishia wapi. Ukizirudia amri zile leo, umetulia na hakuna askari mbele yako, bado utahitaji kalamu na karatasi ili uzipange.

Mto, daraja na mji wa Ngong

Tuanze na ramani. Kaunti ya Nairobi ina mipaka inayojulikana, lakini amri ya Aprili 2020 haikuishia hapo. Eneo lililofungwa lilichukua sehemu ya Kiambu hadi daraja la mto Chania kule Thika, pamoja na Rironi, Ndenderu na mji wa Kiambu. Sehemu ya Machakos hadi Athi River, pamoja na Katani. Na sehemu ya Kajiado yenye Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na mji wa Ngong. Kisha yakaongezwa maeneo mengine yote kama yatakavyotajwa katika amri yenyewe. Maana yake ni kwamba hata aliyeisikiliza hotuba mpaka neno la mwisho alikuwa bado hajaambiwa kila kitu. Alitakiwa aitafute amri iliyoandikwa, naye alikuwa na saa chache tu kabla haijaanza kazi.

Mfikirie mama mboga anayelala ng'ambo ya Chania, upande wa Murang'a, na kuuza bidhaa zake Thika. Katika maisha yake hajawahi kujihesabu kuwa msafiri. Anavuka daraja asubuhi, anarudi jioni, kama mwingine anavyovuka barabara. Jumatatu ile alikuwa amevuka mpaka asioujua, na saa moja ilipofika alikuwa upande usio wake. Mwenzake wa Rongai aliyeuza Ngong hakuguswa kabisa, ingawa huenda alitembea mbali zaidi. Hakuna kati yao ambaye angeweza kukueleza kwa nini, kwa sababu mantiki ya mpaka ilibaki mezani kwa walioupanga.

Nakiri kwamba mpaka wa aina hii ulikuwa na sababu yake. Nairobi ya wafanyakazi ni kubwa kuliko Nairobi ya kaunti. Ungekata kwenye mstari wa kaunti, maelfu ya watu wa Kitengela na Kiambu wangetenganishwa na kazi zao. Serikali ilipofunga tena, tarehe 26 Machi 2021, ilijifunza kitu. Safari hiyo ilitaja kaunti tano nzima, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zikahesabiwa kuwa eneo moja. Unaweza kuipinga amri hiyo kwa mengine mengi, lakini mtoto wa darasa la sita angeweza kuichora.

Neno lililokwepwa

Kafyu ni neno ambalo Kenya inalijua kwa uchungu. Wazee wa Mlima Kenya walilisikia wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950. Wakazi wa Nairobi walilisikia baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Watu wa Lamu waliishi nalo mwaka 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni, na mvuvi wa huko hakuhitaji mkalimani wa kumweleza maana ya kukatazwa usiku. Kwa hiyo Rais aliposema, tarehe 25 Machi 2020, kwamba kuanzia Ijumaa ya tarehe 27 hakuna kutoka nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri, kila mtu alielewa. Unaweza kuipenda au kuichukia kafyu, lakini ina saa ya kuanza na saa ya kwisha.

Tatizo lilikuja na lile jambo la pili, kufungwa kwa Nairobi. Dunia nzima ilikuwa ikisema lokidauni. Hotuba za serikali yetu zililikwepa neno hilo, zikatumia msemo wa Kiingereza wa kisheria ambao kwa Kiswahili ni kama "usitishaji wa safari". Wasomaji wa habari wakahangaika nao: mmoja akasema marufuku ya kuingia na kutoka, mwingine zuio la kutembea, mwingine kusitishwa kwa shughuli za usafiri. Na "kutembea" si sawa na "kusafiri". Ukimwambia mtu amezuiwa kutembea, ataelewa kwamba hata dukani haruhusiwi.

Kwa nini walilikwepa? Nadhani kwa sababu lokidauni ina deni ndani yake. Rwanda ilipowafungia watu ndani mwishoni mwa Machi 2020, na Uganda ilipofuata siku chache baadaye, serikali zote mbili zililazimika kuanza kugawa chakula. Kule Kampala ilikuwa posho, yaani unga wa mahindi, na maharagwe nyumba kwa nyumba. Kenya ina mamilioni ya watu wanaokula jioni kile walichopata mchana. Serikali haikuwa tayari kuwalisha wote, kwa hiyo haikutamka neno ambalo lingeifanya idaiwe. Huo ni uamuzi unaoeleweka, na ungeelezwa hivyo waziwazi nadhani wengi wangeupokea: hatuwezi kuwafungia ndani kwa sababu hatuwezi kuwalisha, kwa hiyo tutawazuia kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Badala yake watu waliachiwa neno la kisheria la lugha ya kigeni, wakajaza wenyewe lililopungua.

Sauti moja, mambo matatu

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Hotuba ya rais, hata iwe kali namna gani, haimpi askari uwezo wa kumshtaki mtu. Ili kafyu iwe na nguvu, Waziri wa Usalama wa Ndani, wakati huo Fred Matiang'i, ilibidi atoe amri chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma na kuichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali. Marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi yalipitia njia tofauti kabisa: yalitolewa na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Kanuni ya barakoa nayo ilikuwa chini ya sheria hiyohiyo ya afya, na ilikuwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa saa mbili usiku pale kizuizini Athi River bila barakoa angeweza kuwa amevunja amri za mawaziri wawili chini ya sheria mbili, kila moja na adhabu yake, huku yeye akijua kwamba "amekamatwa na korona".

Pembeni ya sheria hizo kulikuwa na ushauri. Kaa nyumbani. Fanya kazi ukiwa nyumbani kama inawezekana. Wazee wasitoke. Epuka kwenda mashambani kuwaona wazazi. Hakuna askari aliyepewa ruhusa ya kukukamata saa nne asubuhi kwa sababu hukukaa nyumbani, kwa kuwa mchana, ndani ya eneo lako, ulikuwa huru kwenda zako. Lakini ushauri huo ulitoka katika kikao kilekile cha wanahabari, kwa mdomo uleule, kwa ukali uleule, dakika mbili baada ya kutajwa kosa la jinai. Sikiliza kumbukumbu za vikao vile vya kila siku uone: idadi ya sampuli, idadi ya wagonjwa wapya, kemeo, amri, ombi, kemeo jingine. Msikilizaji wa redio Kakamega angejuaje lipi ni la lazima?

Hata aliyetaka kusoma amri yenyewe alikuta imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ingawa Katiba, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria haikubali utetezi wa "sikujua". Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa nchi ambamo sheria hukaa miaka, si kwa sheria inayozaliwa saa kumi jioni na kuanza kuuma saa moja.

Kwa kuwa hotuba, sheria na ushauri vilichanganyika, maana ya mwisho ya amri ilikuja kutolewa na askari aliyesimama barabarani na rungu.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, hilo lilionekana Likoni. Anayeijua Mombasa anajua kwamba mfanyakazi wa kisiwani anayeishi upande wa kusini hana namna nyingine ya kufika kwake ila kivuko. Jioni hiyo waajiri walikuwa wamewaachilia watu kwa wakati mmoja ili wawahi saa moja, na wote wakajikuta mahali pamoja, wakisubiri feri ileile. Saa moja ilikuwa haijafika polisi walipowarushia vitoa machozi na kuwapiga. Watu waliokuwa wakijitahidi kuitii amri walikohoa, wakatapika na kusukumana katika msongamano, jambo ambalo Wizara ya Afya ilikuwa imekesha ikiwaomba waliepuke. Siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati wa kafyu. Alikuwa nyumbani. Alikuwa amefanya kile hasa alichoambiwa afanye. Mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, IPOA, ilisema tayari ilikuwa ikichunguza vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze.

Rais aliomba radhi kwa yaliyotokea, mapema Aprili. Chama cha Mawakili nacho kilikuwa kimekwenda Mahakama Kuu. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi ilivunja Katiba. Akaagiza pia mawakili na maofisa wa IPOA waingizwe katika orodha ya watoa huduma muhimu wanaoruhusiwa kutembea usiku. Ona uzito wa jambo hilo dogo. Kwa karibu wiki tatu, mtu aliyekamatwa usiku hakuwa na wakili aliyeruhusiwa kisheria kumfuata kituoni, wala mchunguzi wa polisi hakuwa na ruhusa ya kwenda kuchunguza. Waliopaswa kuwasaidia watu kuielewa amri walikuwa wamefungiwa ndani na amri hiyohiyo.

Kisha ikaja karantini. Katika Aprili hiyo waliovunja kafyu walianza kupelekwa katika vituo vya karantini kukaa siku 14, na wapo waliodaiwa gharama za kukaa huko. Daktari yeyote wa afya ya jamii angekwambia hatari yake. Karantini ni kinga: unamtenga mtu aliyekutana na ugonjwa ili asiwaambukize wake. Ukiifanya kuwa adhabu, mwenye kikohozi atajificha, na mwenye wasiwasi hatakwenda kupimwa. Watu walielewa ujumbe huo vizuri kabisa, nao wakaufuata: wakakimbia vipimo.

Kwa nini hawakututangazia mapema?

Lawama iliyosikika sana ni hii ya muda. Nairobi ilipewa saa chache. Mombasa, Kilifi na Kwale, zilizotajwa katika hotuba ileile ya tarehe 6 Aprili, zikapewa hadi Jumatano tarehe 8. Mwaka uliofuata amri ya Machi 26 ilitolewa Ijumaa ikaanza usiku wa siku hiyo, wiki moja na kitu kabla ya Pasaka. Aliyekuwa amelipa nauli ya kwenda nyumbani aliipoteza. Aliyekuwa safarini alishindwa kujua kama arudi au aendelee.

Katika hili siilaumu serikali kwa wepesi, kwa sababu njia zote mbili zina majeraha. Italia, usiku wa tarehe 7 Machi 2020, rasimu ya amri ya kuifunga Lombardia ilivuja kabla ya wakati wake. Watu wa Milano wakajaa kwenye vituo vya treni kuelekea kusini, wengine bila shaka wakiwa na virusi. India, tarehe 24 Machi, ilichagua njia ya pili: Waziri Mkuu Narendra Modi aliitangaza usiku, na saa nne baadaye nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ikafungwa. Vibarua wa mijini, wakiwa hawana kazi, chakula wala usafiri, walianza kutembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini. Ukitoa taarifa mapema, ugonjwa unapanda basi. Ukichelewa, maskini anabaki barabarani.

Kinachoweza kusaidia ni kuwaambia watu ngazi zote kabla ya kuzipanda. New Zealand ilifanya hivyo tarehe 21 Machi 2020. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alieleza viwango vinne vya tahadhari na maana ya kila kimoja, wakati nchi ikiwa bado kwenye cha pili. Siku mbili baadaye aliposema tunakwenda cha nne ndani ya saa 48, hakuwa na haja ya kuanza kueleza upya. Lakini ngazi peke yake haitoshi kama wanaoishika hawakubaliani. Afrika Kusini nayo iliweka viwango, vitano. Tarehe 23 Aprili 2020 Rais Cyril Ramaphosa akasema sigara zitaruhusiwa kuuzwa katika kiwango kinachofuata. Siku sita baadaye waziri wake, Nkosazana Dlamini-Zuma, akasema haziruhusiwi. Marufuku ikabaki hadi Agosti, na watu wakabaki wakiuliza nani hasa anaamua. Uingereza, Mei mwaka huohuo, Boris Johnson aliacha kusema "kaeni nyumbani" akasema "muwe macho", huku Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini zikiendelea kusema kaeni nyumbani.

Saa zilizohama

Mama aliandika saa za kafyu kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, kwa ajili ya vijana wa pale nyumbani. Aliifuta na kuiandika upya mara nyingi. Machi 2020, saa moja hadi saa kumi na moja. Juni, saa tatu hadi saa kumi. Mwisho wa Septemba, kuanzia saa tano. Novemba, saa nne. Machi 2021, saa mbili kwa kaunti tano zilizofungwa na saa nne kwa wengine. Mei, saa nne kwa wote. Juni, saa moja kwa kaunti 13 za magharibi na kanda ya ziwa, saa nne kwingineko.

Kubadilika si kosa. Ugonjwa ulikuwa mgeni, na hata Shirika la Afya Duniani lilichelewa hadi Juni 2020 kupendekeza barakoa za kitambaa kwa watu wa kawaida, miezi miwili baada ya Kenya kuzilazimisha. Mwananchi humsamehe anayesema "jana tulidhani hivi, leo tumejua vile". Tatizo ni kwamba tulipewa saa mpya bila kuelezwa kipimo kilichoileta. Maambukizi yakifika wapi ndipo tunaongezewa saa mbili? Yakishuka kiasi gani ndipo tunarudishiwa? Machi 2021 tuliambiwa kwamba katika kila watu 100 waliopimwa, 22 walikuwa na virusi, na kwa mara ya kwanza nilisikia majirani wakiitetea amri kwa kutumia nambari. Nambari iliyoelezwa ilifanya kazi ambayo makemeo ya mwaka mzima hayakuifanya.

Kwa upande wa shule, walioteseka zaidi ni wazazi. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na watoto watarudi Januari 2021. Watu wakajipanga hivyo. Wapo waliowatafutia watoto vibarua, wapo waliorudisha nyumba za kupanga na kuhamia mashambani. Oktoba ilipofika, kwa taarifa ya siku chache, wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 wakaitwa warudi tarehe 12. Karo ilikuwa imeshakuwa mbegu na mabati.

Lakini amri ninayoiona kuwa mfano kamili wa kuchanganya ni ile ya tarehe 18 Juni 2021. Aina mpya ya virusi, Delta, ilikuwa ikienea kanda ya ziwa. Waziri Kagwe alizitaja kaunti 13, kuanzia Busia na Kisumu hadi Kericho, Bomet na Trans Nzoia. Kafyu ya saa moja ilikuwa wazi. Kuhusu kusafiri kuingia au kutoka huko, alisema "kunapingwa vikali" isipokuwa kwa huduma muhimu na dharura. Hiyo ni nini? Haijakatazwa, kwa hiyo basi linaweza kuuza tiketi. Haijaruhusiwa, kwa hiyo askari anaweza kulisimamisha. Mwenye msiba Siaya anabaki akipima roho za maaskari njiani. Neno la namna hiyo huwafaa watu wawili tu: anayetaka kutoa amri bila kubeba lawama yake, na anayetaka hongo kizuizini.

Na siku 17 kabla yake, tarehe 1 Juni, sherehe za kitaifa za Madaraka zilikuwa zimefanyiwa Kisumu, katika kanda hiyohiyo, watu wakijaa barabarani kuwalaki viongozi. Mwaka uliotangulia wanasiasa wa kila upande walikuwa wamezunguka nchi nzima wakihutubia umati, hadi Novemba 2020 mikutano ya kisiasa ilipopigwa marufuku kwa siku 60. Kwa wakati huo wote kanisa lilikuwa likihesabu waumini mlangoni na baa ikifungwa na polisi. Mwili wa kiongozi jukwaani nao ni tangazo la afya, na ndilo lililosikika zaidi kuliko vikao vyote vya wanahabari.

Walioishi mpakani walikuwa na mzigo wa ziada. Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa mwaka 2020, hesabu ya mwisho ikiwa 509, na mwezi Juni Rais John Magufuli akasema korona imeondoka kwa maombi. Kenya ilikuwa imefunga mpaka huo tarehe 16 Mei kwa wote ila mizigo, madereva wakipimwa. Pale Namanga, ambako duka liko nchi moja na mteja yuko nyingine, mtu aliambiwa na serikali moja kwamba ugonjwa umeisha, na ile nyingine kwamba unaua, kwa lugha ileile, umbali wa kutupa jiwe.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, katika uwanja wa Wang'uru kule Kirinyaga. Rais alisema imeondolewa mara moja, nchi nzima, na umati ukapiga kelele hata hakusikika vizuri sentensi iliyofuata. Nilimpigia mama. Alikuwa ameshasikia redioni, na alikuwa ameshafuta mlango. Safari hii hakuuliza maana yake. Aliuliza nitakuja lini.